Wapi pa Kula Nchelenge: Uhakiki wa Sahani za Ufuo wa Mweru

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta humu uhakiki wa riwaya, diwani na tamthiliya. Safari hii tunahakiki sahani. Mwezi wa Agosti baadhi yetu katika Idara tulikaa siku tisa Nchelenge, mji mdogo ulio kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, tukifuatilia matumizi ya Kiswahili katika biashara ya samaki. Kazi hiyo ina taarifa yake, nayo itatoka kwa wakati wake. Lakini mtafiti naye hula, na wanafunzi watakaotufuata wamekwisha anza kutuuliza swali ambalo taarifa ya utafiti hailijibu: huko tutakula wapi?

Jibu letu fupi ni kwamba laleni mnapoweza, lakini msile mnapolala. Kwa mwenye haraka hilo linatosha. Wengine na waendelee kusoma.

Kwanza mahali penyewe. Nchelenge ni makao ya wilaya, yaani ofisi za serikali, nyumba za wageni, na barabara ya lami inayotoka Mansa kupitia Mwense, Mbereshi na Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe. Ubavuni mwake, kiasi kwamba mgeni haoni mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi, upo Kashikishi, wenye soko, hospitali ya misheni ya St. Paul's, na ufuo wanaposhukia wavuvi. Kutoka hapo boti huenda visiwani, Kilwa na Isokwe, na nyingine huvuka hadi Kongo. Wapenzi wa historia ya pwani watatabasamu kusikia jina la Kilwa ndani ya bara namna hii. Na ng'ambo, upande wa Kongo, kuna mji mwingine unaoitwa Kilwa vilevile. Lugha ya mji ni Kibemba. Kiswahili kipo, lakini hakisikiki barabarani kwenye nyumba za wageni. Husikika chini, karibu na maji, na humo ndimo vilimo vyakula.

Tuanze na nyumba za wageni, maana huko ndiko mgeni huanzia na wengi huishia. Ni safi, wahudumu ni wapole, na ndoo ya maji ya moto huletwa asubuhi bila kuombwa mara mbili. Hatuna ugomvi na vitanda. Ugomvi wetu ni na meza. Tulikula kwa zamu katika nyumba tano, na kama tungefungwa macho tusingeweza kusema tuko nyumba ipi wala tuko nchi ipi. Kuku na chipsi. Wali na kuku. Nshima ya mahindi na kuku. Kabichi iliyokatwa nyembamba na kuchovywa katika mafuta. Kuku ni yule wa kisasa, laini, asiye na habari yoyote ya kutueleza. Sahani hizi tumezila Tunduma, tumezila Iringa, tumezila Morogoro tukisubiri basi litengenezwe. Zinashibisha, na huo ndio mwisho wa sifa zake.

Katika nyumba zote tano tuliulizia samaki. Tatu zilituambia hawapo. Ya nne ilisema wapo, kisha baada ya saa moja na robo mhudumu akarudi kutuarifu kwamba hawapo. Ya tano ilituletea samaki aliyekaangwa mpaka akawa kama ubao, akiwa amelala juu ya chipsi, na kando yake pakti ndogo ya tomato. Dirishani ziwa lilionekana lote. Ni ziwa la kilomita za mraba zipatazo 5,000, la kina kifupi, lenye samaki waliolisha watu wa pande zote mbili za mpaka kwa muda mrefu kuliko mpaka wenyewe. Kula kuku wa jokofu mbele ya maji hayo ni kama kwenda Lamu ukapewa mkate wa boflo na jamu.

Wepesi wa kulaumu watasema ni uzembe wa wapishi. Sivyo, au sivyo tu. Mtu akiamka saa kumi na moja alfajiri akashuka ufuoni Kashikishi ataona sababu. Mitumbwi inaingia, na wanunuzi wameshasimama majini hadi magotini na makasha yao ya barafu. Samaki mkubwa, hasa pale, ambaye ni jamii ya perege wetu, haonji jua la saa mbili akiwa Nchelenge. Huwekwa barafuni na kupelekwa kwenye miji ya migodi, Kitwe na Ndola, au Lusaka, ambako bei ni nzuri zaidi. Mpishi wa nyumba ya wageni anayetoka saa tatu na kikapu chake hukuta wadogo na waliobaki. Kwa hiyo ukiona pale mkubwa katika mgahawa wa Ndola, jua kwamba kuna sahani ya kuku Nchelenge iliyochukua nafasi yake.

Hilo tunalielewa na kulisamehe. Tusilolisamehe ni muhogo. Bonde la Luapula ni nchi ya muhogo. Wenyeji huuita tute, huuloweka siku kadhaa ili kuondoa sumu ya aina zile chungu, huumenya, huuanika, huutwanga, na unga wake hutoa ubwali mzito, unaovutika, wenye uchachu kidogo unaomfaa samaki kuliko kitu kingine chochote tulichokijaribu. Unga huo hauhitaji lori wala barafu, maana umeanikwa juu ya mawe na mikeka kila kiambo. Hata hivyo, katika nyumba zote tano nshima ilikuwa ya unga mweupe wa mahindi wa kiwandani. Tulipouliza, mhudumu mmoja alitujibu kwa upole kwamba ubwali bwa tute ni chakula cha nyumbani, si cha wageni. Jibu lile ndilo kiini cha uhakiki huu. Nyumba za wageni za Nchelenge hazikosi vyakula vya Mweru kwa sababu ya umaskini. Huvificha kwa sababu ya haya.

Kampuni ya matairi ya Michelin ilianza kutoa kitabu chake cha mwongozo nchini Ufaransa mwaka 1900 ili wenye magari wasafiri zaidi na matairi yaishe upesi zaidi. Nyota zilianza baadaye, mwaka 1926, na hatimaye maana zake zikawekwa kwa kipimo cha safari: nyota moja, simama ukipita, mbili, inafaa kuchepuka njia, tatu, inastahili safari yenyewe. Kipimo hicho tunakikubali kuliko vile vya vitambaa vya meza na idadi ya uma. Tukakitumia Kashikishi, bila nyota.

Sokoni kuna safu ya vibanda vya bati vyenye neno la mgahawa limeandikwa kwa rangi ya mkono juu ya mlango, kila kimoja kikiwa na benchi mbili, meza yenye kitambaa cha plastiki, na beseni la kunawia. Dar es Salaam tungesema kwa mama ntilie, Nairobi wangesema kibandani, na Lubumbashi tunasikia wanasema malewa. Saa sita mchana ni wakati wake. Ukifika saa tisa utakuta masufuria yamekwanguliwa na mboga imegeuka rangi. Tulichokipenda zaidi humo ni katapa, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa taratibu na karanga, na chisense, dagaa wa Mweru, waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu mpaka wakakauka kiasi cha kusikika menoni. Chisense ni mdogo kuliko dagaa wa Kigoma, na uchungu wa utumbo wake ni mdogo pia, hivyo hauhitaji ndimu. Mpishi wa kibanda cha tatu kutoka lango la soko alipoona tunaumaliza ubwali bwa tute na kuomba wa pili, alicheka akawaita wenzake watazame. Tulimwambia "natotela, ba mayo", Kibemba chetu chote kikiwa kimeishia hapo, naye akatuongezea katapa bila malipo. Kwa kipimo kile cha safari, hapa ni pa kuchepukia njia.

Pa kusafiria ni chini zaidi.

Unapoacha soko na kuteremkia majini, kupita wauza nyavu na mafundi wa mitumbwi, unafika mahali ambapo akina mama wapatao sita au saba hupika katika mawe matatu, chini ya maturubai. Hapana jina wala ubao. Wengi wao wametoka ng'ambo, kutoka Pweto na Kilwa na vijiji vilivyo baina ya miji hiyo, baadhi wakiwa wafanyabiashara wa kuja na kurudi, wengine wakiwa wamevuka wakati wa vita na hawakurudi. Hapo samaki hajaandikwa popote. Amelala katika beseni, na wewe unamchagua kwa kidole. Mazungumzo yetu ya siku ya kwanza tuliyaandika jioni ileile.

"Mama, shikamoo. Kuna samaki?"

"Iko. Iko mukubwa, iko mutoto. Bamwalimu, munakulaka na sombe ao na ngai-ngai?"

"Ngai-ngai ni nini, Mama?"

"Ni majani ya kali. Inakamata samaki muzuri. Mukae apa, minaleta mayi ya kunawa."

Tulikaa. Ngai-ngai ni majani machachu ya jamii ya rozela, yule ambaye Dodoma humwita choya. Mama aliyapika mpaka yakawa laini kabisa, akamimina mawese, akamweka pale mzima juu yake akiwa ameparwa magamba na kukatwa mistari mitatu ubavuni, kisha akafunika na kuongea na jirani yake kwa muda ambao hatukuuona mrefu. Uchachu wa majani uliingia katika mistari ile mitatu. Mawese yakauzuia usizidi. Bukari ililetwa ya muhogo na mahindi vikiwa vimechanganywa, ngumu kiasi cha kushika umbo la vidole. Tumekula samaki Feri, tumekula Forodhani, tumekula migebuka Kigoma stesheni, na hatukumbuki sahani iliyokuwa na akili kuliko hii. Bei yake ilikuwa theluthi moja ya yule ubao wa nyumba ya wageni. Tulirudi kwa mama huyo siku nne kati ya zile tano zilizobaki.

Hapa tunaomba ruhusa ya wasomaji tuchepuke kidogo, ingawa kwa kweli si kuchepuka. Vitabu vingi vya Kiswahili kwa wageni vina somo la mkahawani, kwa kawaida katika sura ya sita au ya saba, baada ya namba na kabla ya hospitali. Mwanafunzi hufundishwa kumwita mhudumu, kuomba orodha ya vyakula, kuuliza kama kuna wali kwa mchuzi, kusema chakula kilikuwa kitamu, na kudai bili. Ni somo zuri kwa hoteli ya Zanzibar yenye mhudumu aliyekwisha zoea wageni. Ufuoni Kashikishi mwanafunzi wa somo hilo atakufa njaa. Hakuna orodha, hakuna bili, hakuna mhudumu. Kuna mwenye chakula, tena mtu mzima anayestahili kuamkiwa kabla ya kuulizwa bei. Unachohitaji kukijua ni kuchagua samaki, kuulizia ukubwa, kuelewa "iko" pale ulipozoea "kuna" na "yupo", kujua kwamba mayi ni maji, mampa ni mkate, sombe ni kisamvu, bukari ni ugali, na kulomba ni kuomba. Maneno kumi na tano hivi yangetosha kumlisha mwanafunzi mwezi mzima. Katika vitabu tulivyo navyo rafuni hayamo.

Tena yapo mambo mabaya kuliko kutokuwemo. Mara nyingi Kiswahili hiki kinapotajwa darasani hutajwa ili kichekwe, au hupewa jina la Kiswahili kibovu. Mama yule alisema "munakulaka". Tamati ile ya -aka inaonyesha mazoea, jambo lifanywalo kila mara, nasi tunalionyesha kwa hu-, tukisema "nyinyi hula". Yeye ana kanuni, na kanuni yake ina faida moja kuliko yetu, kwani inabakisha nafsi ndani ya kitenzi wakati hu- yetu huifuta. Akisema mukubwa na mutoto anaitamka silabi ambayo sisi tumeimeza. Kibovu ni kile kisichofuata kanuni. Hiki kina kanuni zake, na kina historia ndefu.

Historia hiyo yenyewe imepita jikoni. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwezi Novemba 1867 alimkuta huko Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi nchi hiyo kwa miaka mingi, na Kiswahili kilikuwa tayari ni lugha ya misafara ya pembe na shaba kati ya pwani, Kazembe na Katanga ya Msiri. Katika karne ya ishirini kilipata makazi mapya katika migodi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, na katika mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji huo, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani, wapishi na maboi wa Wazungu. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Idara zetu zinasomesha tenzi za Pate, na ni vema. Ni idara ngapi zinazosomesha historia iliyoandikwa na wapishi?

Na migodi hiyo ilikula nini? Ilikula ziwa hili. Tangu enzi za kati ya vita viwili vikuu, wafanyabiashara wa Kigiriki walioweka makao Kasenga, kando ya Mto Luapula upande wa Kongo, walinunua samaki wa Luapula na Mweru na kuwapeleka Elisabethville kwa ajili ya wafanyakazi wa migodini. Samaki aliyetamaniwa kuliko wote aliitwa mpumbu, ambaye wataalamu humwita Labeo altivelis. Mvua zikianza mpumbu walipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, na huko mtoni, wakiwa na mayai tumboni, ndiko walikonaswa. Biashara ilistawi, kisha mwishoni mwa miaka ya 1940 makundi yakaporomoka, na hayakurudi kuwa kama zamani. Tuliwauliza akina mama wa ufuoni kama wamewahi kumpika mpumbu. Mmoja tu, mwenye umri mkubwa kuliko wenzake, alisema mama yake alikuwa akimwelezea jinsi mayai yake yalivyopikwa. Yeye mwenyewe hakumbuki kuyaonja.

Jambo hili tunalitaja katika uhakiki wa migahawa kwa sababu sahani ina tarehe. Ile tuliyoisifu, ya pale kwa ngai-ngai, ina tarehe yake ya mwisho mahali fulani, na ukubwa wa samaki katika beseni unaanza kuisoma. Katika siku tano tulizokula pale, pale mzima aliyezidi urefu wa kiganja na vidole tulimwona mara mbili. Wengine walikuwa wa kulika wawili wawili. Kinachokuja badala yake ni chisense, ambaye uvuvi wake wa usiku kwa taa ulikua sana tangu miaka ya 1980 na ambaye sasa ndiye kitoweo cha watu wengi wa ufuo huu. Hatumdharau chisense, tumekwisha msifu hapo juu. Lakini mtu anayesema ziwa lina samaki tele kwa kuwa soko limejaa dagaa anasoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba Nachituti, dada wa Nkuba mtawala wa Washila, ndiye aliyemkabidhi Mwata Kazembe ardhi na maji ya nchi hii, baada ya Kazembe kumlipizia kisasi cha mwanawe aliyeuawa na Nkuba. David Gordon amekijenga juu ya simulizi hilo kitabu chake kuhusu uvuvi wa Mweru na Luapula, kilichotoka mwaka 2006. Tulipokuwa tumekaa chini ya turubai, mvuvi mmoja wa Kashikishi alitusimulia habari hiyo kwa Kibemba, na mama mpishi akatufasiria kwa Kiswahili chake, neno kwa neno, huku akipepea moto. Hakukuwa na mkalimani mwingine wa kuaminika ufuoni pale siku ile.

Wasomaji watauliza kuhusu Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa katika wilaya hii mwaka 2018 baada ya watu wengi kuvuka kutoka Kongo tangu Agosti 2017 na kupokelewa kwanza katika kituo cha Kenani. Tunasikia kuna wapishi hodari huko. Hatukwenda, na tunawaomba wanafunzi wasiende kwa ajili ya chakula. Mahali ambapo watu hupimiwa posho si mahali pa kwenda kuonja. Mwenye kazi ya halali na kibali aende kwa kazi yake.

Mambo mengine tutayapitia haraka. Asubuhi, kwenye kituo cha mabasi, huuzwa vitumbuwa. Mswahili wa pwani akisikia neno hilo atameza mate akitarajia mchele, tui na hiliki. Atapewa donge la unga wa ngano lililokaangwa, karibu zaidi na andazi. Ni zuri na chai, mradi liwe la moto, na asilidai liwe kitu kingine kwa sababu ya jina. Munkoyo, kinywaji cha unga kinachochachushwa kidogo kwa mizizi, ununuliwe kwa mtu anayejulikana na uliotengenezwa siku ileile. Chikanda, ambayo huuzwa kwa vipande mfano wa soseji iliyokatwa, hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za porini pamoja na karanga na pilipili. Ni tamu, ila kabla ya kununua kipande cha pili mjue kwamba sehemu ya viazi hivyo huchimbwa kwetu, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na kuvushwa mpaka. Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005 kwa sehemu ili kuyaokoa maua hayo. Sisi tulinunua kipande kimoja, tukagawana.

Kahawa ya kweli hakuna. Chukueni yenu.

Kuhusu usafi tuseme waziwazi, maana barua za wazazi huja kwetu. Kipindupindu kimekwisha ufikia ufuo huu zaidi ya mara moja, na maji ya ziwa yanayochotwa penye mitumbwi si ya kunywa. Kuleni kilichotoka motoni mbele ya macho yenu, naweni kwa maji yanayomiminwa wala si ya beseni lililonawiwa na kumi kabla yenu, na saladi achieni nyumba za wageni. Kwa kipimo hiki akina mama wa mawe matatu waliwashinda wenye majiko ya gesi, maana kwao kila kitu kilichemka na tulikiona kikichemka. Chakula cha jioni kiliwe kabla ya jua kuzama. Mbu wa Nchelenge ni mashuhuri hata katika majarida ya utabibu.

Adabu ya mahali ni nyepesi kuijifunza. Wa kike na wa kiume watu wazima huongezewa "ba" mbele ya jina, na neno "mukwai" mwishoni mwa ombi hufungua mengi. Kwa akina mama wa Kongo "Mama" yatosha, na shikamoo hupokelewa kwa furaha, ingawa wapo watakaowacheka kidogo kwamba mnaongea kama redio. Msiwasahihishe. Lipeni kwa kwacha ndogondogo, chenji ni taabu. Anayetaka pale mkubwa amwambie mama siku moja kabla, naye atampata alfajiri kabla ya wenye barafu, kwa bei itakayopanda kidogo, na ni haki ipande.

Mwisho, habari ya kalenda. Kundi lijalo la wanafunzi limepangiwa kwenda Januari. Uvuvi hufungwa Zambia kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na Mweru imo katika zuio hilo. Mkiona pale mbichi sokoni wakati huo mwulizeni muuzaji swali moja tu, kisha mnunue kisamvu. Chisense waliokaushwa kabla ya zuio huwepo, katapa ipo mwaka mzima, na mama wa turubai la pili kutoka kwenye boti za Isokwe alituahidi kwamba mvua zikianza hupika uyoga kwa mawese. Hatujauonja. Mtakaouonja mtuandikie, tutachapisha.